Kwa yule fundi aliyeniuliza kama nitapiga tundu au nitapiga nyuzi

Mninga Mkavu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa bado na vumbi la mninga kwenye suruali, kwa hiyo atakayeona ukali katika maneno haya asiutafutie tafsiri ya upole. Jina silitaji, kwa sababu halina haja ya kutajwa. Kila mtu aliyewahi kupeleka gitaa au amplifaya kutengenezwa katika jiji hili la Dar es Salaam anamjua: yule mwenye meza ndefu na redio isiyozimwa, ambaye hukuambia uje kesho kabla hujasema umeleta nini. Ni huyo huyo.

Gitaa lenyewe nimelijenga kwa mikono yangu. Mwili ni mninga uliokaushwa kivulini mpaka ukaacha kujipinda, na ubao wa vidole ni mpingo, mti uleule ambao mataifa ya nje huununua kwetu ili watengenezee klarineti. Vanishi niliipaka tabaka juu ya tabaka, nikisugua kwa msasa laini kila tabaka lilipokauka. Kilichobaki kilikuwa soketi ya jeki tu, pale pini ya waya wa amplifaya inapochomekwa, yaani kutoboa ubavu wa gitaa hadi kwenye chumba cha poti (vile vidhibiti vya sauti), kufunga kibao cha chuma chenye skrubu nne na kulehemu nyaya mbili. Kazi hiyo huhitaji mashine ya kutobolea ya kusimama ili tundu lisiende upande, na mashine hiyo yeye anayo, nimeiona kwa macho yangu, imefunikwa turubai.

Nilimpelekea kila kitu: biti ya Forstner ya milimita 22, karatasi ya gundi ya kulinda vanishi, alama ya kitovu cha tundu iliyopimwa na kupigwa punchi, na kipande cha ubao kilichochongwa kufuata mkunjo wa ubavu ili gitaa likae imara chini ya mashine. Alivitazama vyote, akavisogeza kando kwa kiwiko. Akachukua drili ya mkononi, akafunga biti bapa, ile ya kutobolea milango ili kuweka vitasa, akalibana gitaa langu katikati ya magoti yake, akabonyeza.

Naomba msome tena: katikati ya magoti.

Biti bapa ina mabawa mawili, na kwenye ubavu uliopinda bawa moja hugusa mti kabla ya lingine, ndipo drili inaporuka na kuchana kila kilicho mbele yake. Vanishi ilitawanyika hadi kwenye chai yake, na sitashangaa nikisikia wapita njia wa mtaa wa pili walipata vipande vyao. Mdomo wa tundu umechanika kupita ukingo wa kibao cha chuma, kiasi kwamba kibao hakiwezi kuuficha hata kikikaa upande gani. Kipenyo cha pini ya jeki ni milimita 6.35 na shingo ya soketi ni takriban milimita 9.5. Katika tundu lile pini na soketi zingeingia pamoja na familia zao, na bado ingebaki nafasi ya mgeni.

Halafu akapuliza vumbi, akainua uso, na mbele ya wapiga magitaa wote waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao, akaniambia: "Kaka, tundu ni tundu. Kwani wewe utapiga tundu au utapiga nyuzi?" Benchi zima likacheka.

Hata baada ya hapo hakutosheka. Washa yenye meno, ambayo hukaa ndani, nyuma ya kibao, ili soketi isizunguke, aliitupa kwenye droo akisema haina kazi, kisha akakaza nati kutoka nje bila kuishika soketi kwa ndani, soketi ikazunguka na kuzisokota nyaya. Waya wa sauti aliulehemu kwenye mguu wa soketi unaogusa shina la pini, na waya wa ethi kwenye mguu unaogusa ncha, yaani kinyume kabisa. Tulipochomeka amplifaya, gitaa lilinguruma, na nilipogusa nyuzi mngurumo ukazidi, kwa sababu nyuzi zote sasa zilikuwa zimeunganishwa na njia ya sauti badala ya ethi. Akasema huenda ni umeme wa mtaa.

Nyaya nitazilehemu upya mwenyewe, na washa nitanunua nyingine. Lakini swali lile bado linanipigia kelele kichwani: nitapiga tundu au nitapiga nyuzi? Hakuna noti hata moja itakayotoka katika gitaa lile kwenda kwa msikilizaji bila kupita katika tundu lile. Na huyo ni mtu anayeishi kwa magitaa, anayekula na kusomesha watoto kwa magitaa. Utapiga tundu au utapiga nyuzi! Mbele za watu! Na gitaa likiwa bado katikati ya magoti yake!

Besi Tano

Mkuu, pole sana. Nilipofika kwenye "tundu ni tundu" nilisimama kusoma, kwa sababu sauti yake niliisikia kabisa. Besi yangu ina saketi ya betri ya volti 9, na mwenye besi ya namna hiyo anajua kwamba soketi yake huwa ya stereo ingawa pini ni ya mono: waya hasi wa betri hukaa kwenye mguu wa pete, ule wa tatu ambao soketi ya mono haina, na pini ikiingia, shina lake huiunganisha pete na ethi, saketi ikawaka, pini ikichomolewa, betri inapumzika. Yeye aliing'oa soketi ya stereo, akaweka ya mono aliyokuwa nayo mezani, na hasi ya betri akaiunganisha moja kwa moja na ethi. Tangu siku hiyo besi ilikuwa inamaliza betri ikiwa imelala ndani ya mfuko wake kabatini. Nilipomrudia, aliniuliza kama betri ina thamani kuliko heshima yake.

Solo la Zamani

Mleta mada, nitasema ambalo wengine wanakuonea haya kulisema. Umepaka tabaka zote hizo za vanishi ndipo ukakumbuka kwamba gitaa la umeme lina tundu la jeki? Tundu hutobolewa mti ukiwa mtupu, ukichanika unaziba na kusugua, ndipo unapaka. Uzi huu una machozi ya kutosha kuulainisha huo mninga wako mpaka ujipinde upya. Tafuta kibao kikubwa zaidi, funga, piga muziki.

Mninga Mkavu (mleta mada)

Mkuu, kibao na soketi viliagizwa na vilikuja mwishoni, na mimi sitoboi kwa kukisia, kwa sababu vibao vya ubavuni havina kipimo kimoja. Kutoboa juu ya vanishi hufanyika, na hufanyika vizuri, na watu wanaobandika karatasi ya gundi, wanaotangulia na biti nyembamba ya milimita 3, na wanaoizungusha biti kubwa kinyume kwanza mpaka ukingo wake uikate vanishi kabla ya kuanza kuula mti. Katika hatua zote hizo hakuna hata moja inayohitaji magoti. Nawe pia hujaligusa nililolileta hapa: mtu ameharibu kazi ya mwenzake, kisha akamwuliza kama atapiga tundu au atapiga nyuzi. Ungekuwa kwenye benchi lile ungecheka pamoja nao.

Solo la Zamani

Ningecheka, na chai yake ningeinywa.

Kwaya ya Jumapili

Ninyi mnagombana kuhusu fundi, ilhali wengine tuliteswa na muundo wenyewe bila fundi yeyote kugusa kitu. Gitaa langu ni nakala isiyo na jina kichwani, iliyofuata umbo la Telecaster, gitaa ambalo muundo wake ulianza kuuzwa mwaka 1950. Soketi yake hukaa ndani ya kikombe kidogo cha chuma ubavuni, na kikombe hicho hakina skrubu hata moja: kinashikiliwa na kipande cha bati kinachokandamizwa ndani ya tundu mpaka ncha zake zing'ate mti. Mti ukichoka, bati linalegea. Katikati ya wimbo wa kuabudu mtoto alikanyaga waya wangu, na kikombe, soketi na nyaya zake vyote vikatoka nje na kuning'inia mbele ya mchungaji na waumini wake wote. Niambieni kama kuna tundu lililochanika linaloweza kulingana na aibu hiyo.

Besi Tano

Dawa ya hiyo ni kikombe cha kisasa chenye skrubu mbili zinazoingia kwenye mti. Hata hivyo toboa matundu ya skrubu kwa biti nyembamba kwanza, kwa sababu ubavu pale ni mwembamba na ukilazimisha skrubu utaupasua.

Mteremko wa 54

Kwaya, tatizo lako lilikwisha kupatiwa jibu mwaka 1954, gitaa la Stratocaster lilipotoka na soketi usoni badala ya ubavuni, ndani ya kibao kilichobonyezwa kwa mteremko na kufungwa kwa skrubu mbili. Waya ukivutwa, pini inachomoka yenyewe kabla haijaumiza mti. Sijui kwa nini watu wanaojenga magitaa yao wenyewe wanaendelea kutoboa ubavuni na kisha kuja kulia hapa.

Kwaya ya Jumapili

Unasema hivyo kwa sababu hujawahi kutumia pini ya kona. Pini nyingi za kona haziingii vizuri katika kibonyo hicho. Zinagonga ukingo kabla ncha haijafika mahali pake, na sauti inakatika kila ukigeuka. Pia waya uliosimama usoni mwa gitaa hunasa mkono.

Gitaa Tupu

Wote ninyi mna kifuniko au kibao kinachofunguliwa kwa skrubu, na bado mnalalamika. Mimi nina gitaa lenye mwili ulio na uwazi ndani, la umbo la ES-335 ya mwaka 1958, ambalo soketi yake iko juu ya uso na halina mlango wowote nyuma. Soketi lazima iingizwe kupitia tundu la sauti lenye umbo la f, iburutwe gizani ndani ya mwili kwa uzi uliopitishwa kwenye tundu la soketi, mpaka shingo yake ichungulie nje, ndipo ushike nati kwa vidole viwili huku ukiomba uzi usikatike. Nilimpa yule yule bwana wa mleta mada. Washa yenye meno ilimponyoka ikaanguka ndani, akanirudishia gitaa bila kusema neno. Sasa kila nikipiga uzi wa sita mtupu, gitaa linanipigia manyanga.

Besi Tano

Gitaa Tupu, nimesoma hiyo nikasahau betri zangu zote.

Mninga Mkavu (mleta mada)

Wakuu, nawaheshimu, na mateso yenu ninayatambua, lakini uzi huu niliufungua kwa ajili ya jambo moja. Mtu alilibana gitaa kwa magoti, akalichana, akapuliza vumbi, na akaniuliza kama nitapiga tundu au nitapiga nyuzi. Naomba walau mmoja wenu aseme kwamba maneno hayo hayasemwi.

Mteremko wa 54

Hayasemwi, mkuu. Gitaa Tupu, je, umejaribu kuigeuza chini na kuitikisa hiyo washa itoke kwenye tundu la f?

Gitaa Tupu

Nimetikisa mpaka majirani wameuliza. Nadhani imenasa kwenye gundi karibu na gogo la katikati.

Risasi Sitini

Tatizo la msingi ni ubora wa soketi wenyewe, na hili halizungumzwi. Soketi za bei ya chini zina ulimi laini wa chuma unaogusa ncha ya pini, na baada ya muda mfupi ulimi huo unalegea, pini inacheza, sauti inakatika, na mwenye gitaa anamlaumu fundi. Kibaya zaidi, nyingine zina shingo ya milimita 9 badala ya inchi 3/8, kwa hiyo nati ya moja haishiki kwenye nyingine, na mtu akiilazimisha anaharibu uzi, yaani ile mizunguko ya kukazia, wa vyote viwili. Na mnaobandika karatasi ya shaba ndani ya chumba ili kuzuia mngurumo, chungeni: pini ikiingia, ulimi huinuka, na ukiigusa shaba gitaa linakufa kimya. Niliwahi kufungua gitaa zima, nikabadilisha poti na kukagua pikapu (kile kinasa sauti cha nyuzi), kumbe ulimi ulikuwa unagusa shaba.

Gitaa Tupu

Mkuu Risasi, hizo nati za inchi 3/8 peke yake zinapatikana wapi? Nimezunguka Kariakoo, na kila duka linataka ninunue soketi nzima.

Risasi Sitini

Usinunue. Poti kubwa za kipimo cha inchi zina shingo ya inchi 3/8 na uzi uleule wa mizunguko 32 kwa inchi, kwa hiyo nati ya poti iliyokufa inaingia kwenye soketi nzuri bila shida yoyote. Poti ndogo za milimita ndizo zisizofaa.

Besi Tano

Ninazo poti kubwa zilizokufa ndani ya kopo, nimezitoa kwenye besi mbalimbali. Anayezihitaji aniandikie pembeni.

Gitaa Tupu

Nakuandikia sasa hivi. Naomba uangalie pia kama washa zake zenye meno bado zipo.