Mjadala: Bustani ya miti ya dawa kando ya zahanati, tuikubali au tuikatae?

Mtoa mada (Newala)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Kijiji chetu kipo juu kwenye uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Kando ya zahanati kuna nusu ekari iliyo wazi, na kikundi cha kina mama kimeiomba ili kipande mimea ya dawa: mchaichai, kivumbasi, mlonge, mshubiri, mwarobaini, mpera, hata pakanga, ile artemisia inayosifiwa kwa malaria. Wanataka pia viti kivulini, wazee wapate pa kukutana na watoto wajifunze majina ya miti. Halmashauri ya kijiji imegawanyika na sasa hoja inakwenda mkutano mkuu. Wengine wanasema huu ni urithi wetu. Wengine wanasema tunawafungulia waganga duka mlangoni kwa daktari. Wapo pia wanaotaka pajengwe nyumba ya kusubiria wajawazito.

Msimamo wangu: bustani ipandwe, na ipandwe hapo hapo kando ya zahanati, ila pakanga isiingie.

Nianze na pakanga maana ndiyo inayotugombanisha. Ni kweli dawa mojawapo iliyomo kwenye mseto tunaopewa zahanati kutibu malaria asili yake ni mmea huo. Lakini mtafiti wa China aliyeipata, Tu Youyou, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2015, alifanikiwa baada ya kuachana na joto kali na kuitoa dawa kwa etha katika joto la chini. Sisi tutachemsha birika. Nguvu ya majani hubadilika kwa mbegu, udongo na wakati wa kuchuma, kwa hiyo hakuna anayejua kikombe kina dawa kiasi gani. Kikiwa na kidogo, homa inaweza kushuka na vimelea vikabaki, na vilivyobaki ndivyo vinavyojifunza kuishinda dawa. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilirudia kusema majani na chai ya artemisia visitumike kutibu wala kukinga malaria. Tumeshaona dawa ya klorokwini ikishindwa, ile ya SP nayo ikafuata, na tangu 2006 tunategemea mseto. Mtwara na Lindi ni mikoa inayoteswa sana na malaria. Tukiichezea hii tutakimbilia wapi?

Sasa kwa nini bado naitaka bustani? Kwa sababu dawa za miti tunazitumia tayari, tena kwa kujificha. Mama mjamzito akiulizwa kliniki kama kuna kitu anakunywa nyumbani, anasema hakuna, anaogopa kugombezwa. Mzee wa kisukari anameza vidonge asubuhi na jioni anakunywa maji ya majani machungu, sukari inashuka kupita kiasi, na mganga mfawidhi, yule mkuu wa zahanati, hajui kwa nini. Mmea ukiwa uani kwa zahanati, na jina lake limeandikwa pamoja na onyo lake, mgonjwa ataweza kuunyooshea kidole na kusema, "Nakunywa huu." Kwangu faida hiyo inatosha kuitetea nusu ekari.

Na kibao kiseme kweli. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, mizizi yake ina sumu. Utomvu wa mshubiri unaharisha, mjamzito asiunywe. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto mchanga, yameshadhuru watoto. Na mtu asioteshe mnyonyo mahali watoto wanapocheza: mbegu chache tu zikitafunwa ni hatari.

Kuna jambo jingine sijasikia likisemwa kwenye vikao: salfa. Kiwanja kimezungukwa na mikorosho. Kuanzia Juni hadi Septemba wakati wa kupuliza, vumbi la salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, linatua kwenye kila jani, na dawa za maji za kuua mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi, nazo zinapeperuka. Mtu akichuma mchaichai mwezi wa saba akautia kwenye chai, anakunywa nini? Nashauri majani ya kuhifadhi yachumwe mwishoni mwa mvua, Aprili na Mei, yakaushwe kivulini kwenye vichanja mpaka yavunjike mkononi, maana yakifungwa na unyevu yanaota ukungu. Baada ya hapo bustani ifungwe kwa kuchuma hadi msimu wa kupuliza uishe na mvua zinyeshe. Watu waendelee kukaa kivulini siku ambazo mashine hazipulizi.

Karibuni tujadili.

Muuguzi (Lindi)

Kaka, umeandika vizuri lakini wewe si wa kukaa zamu usiku. Mimi nampokea mtoto siku ya nne ya homa, amelegea, macho meupe, na bibi yake anasema walikuwa wanamfukiza. Kipimo cha malaria kinatoa jibu baada ya robo saa hivi na dawa ipo. Mlikuwa wapi? Mwaka 2011 kule Loliondo watu walipanga foleni ya magari kilomita na kilomita kwa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500, na wapo walioacha dozi zao. Kikombe kile kilikuwa mbali, mtu alitafuta nauli. Hiki mnakiweka hatua ishirini kutoka dirisha la dawa. Kibao hakitasomwa na asiyejua kusoma. Jengeni nyumba ya wajawazito.

Mama mwenye wajukuu (Masasi)

Mwanangu muuguzi, hasira yako naielewa. Ila usitufanye wote wajinga. Kivumbasi tunakitundika dirishani kufukuza mbu, na mtoto bado analala ndani ya chandarua. Mchaichai tunakunywa jioni kwa raha yake. Hivyo navyo tukaombe kibali? Na hao wazee mnaosema wanachelewa, wengi wao hakuna anayewauliza hali hata mara moja kwa wiki. Bustani yenye kiti na watu ni dawa kwa mzee hata kama hachumi jani.

Mganga (Nachingwea)

Nimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lile la sheria ya mwaka 2002, kwa hiyo nasema bila kificho. Dawa zangu nyingi ni magome na mizizi. Mninga hauwezi kukaa kwenye bustani ya kina mama, mbegu yake ni ngumu kuota na mti unachukua miaka mingi kukua. Siku hizi vijana wanauchuna gome kuzunguka shina lote, mti unakufa, wanahamia mwingine. Mkitaka kuokoa dawa za kusini okoeni msitu. Halafu mnaniita nije "kufundisha jamii". Nilichoachiwa na marehemu baba nikitoe bure, kesho niione chupa yake inauzwa mjini?

Mtoa mada (Newala)

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni ya haki na isipuuzwe. Bustani ichukue mimea ile tu ambayo kila nyumba inaijua tayari. Ya kwako ibaki kwako, na wakija watafiti, wawe wa Muhimbili kwenye taasisi ya tiba asili iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti au wa kwingine, wakae nawe mezani na makubaliano yaandikwe kabla ya gome kubanduliwa. La msitu nakuunga mkono moja kwa moja: magome yasipokelewe wala kuuzwa pale bustanini.

Dada muuguzi, kwa asiyejua kusoma tuchore. Na mwenye homa asichumiwe kitu na mtu yeyote kabla hajapimwa. Hilo liwe sharti la kwanza kwenye muhtasari wa mkutano, na mganga mfawidhi awe na mamlaka ya kung'oa mmea wowote anaoona unaleta madhara. Bila mamlaka hayo hata mimi nitaikataa. Kuhusu nyumba ya wajawazito, upande wa pili wa zahanati kuna eneo kubwa zaidi, na ikifika zamu ya kuipigia kura nitanyoosha mkono.

Mkulima (Tandahimba)

Maji! Mnajadili vibao. Huku juu mvua ikikatika Mei ndiyo imekatika hadi Novemba au Desemba. Maji ya mradi wa Makonde yanatoka kwa mgawo, ndoo tunanunua. Nani atamwagilia mchaichai mwezi wa tisa?

Mtoa mada (Newala)

Ndugu yangu, swali lako nimeenda nalo kwa kina mama jana. Mwarobaini, mlonge na mshubiri vikishashika havitaki ndoo ya kila siku. Mchaichai na kivumbasi vipunguzwe viwe tuta moja. Maji ya paa la zahanati nilidhani yangefaa, lakini wakati wa kujifungua zahanati yenyewe inayahitaji, hayo tusiyaguse. Linabaki paa la ofisi ya kijiji, ambalo halina mfereji wala tangi. Nimewaomba waje mkutanoni na bei ya tangi na majina ya zamu ya kumwagilia. Wasipoyaleta, nitaomba kura iahirishwe mpaka yapatikane.