Tupeane uzoefu: siku soko lilipotikisika kwa sababu ya kura, ulifanya nini na hela yako?

Mwalimu wa Nyakato (mleta mada):
Habari za jioni wakuu. Naanza mimi. Mwaka 2008 Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, walipouza hisa kwa shilingi 5 ya Kenya, na mimi nikaomba. Nikaunganisha mshahara na hela ya pamba ya mzee. Waombaji walikuwa wengi kupita kiasi, nikapewa kiduchu na hela nyingine ikarudishwa. Nikazitunza miaka tisa.

Tarehe 1 Septemba 2017 nipo kwenye feri ya Kamanga, shemeji anapiga kutoka Kisumu. Mahakama ya Juu imefuta uchaguzi wa rais, soko la hisa la Nairobi linaporomoka mpaka biashara imesimamishwa kwa muda. Mara mtandao ukakata, tupo katikati ya maji. Mkono mmoja nimeshika bomba la feri, mwingine naandika ujumbe kwa dalali wangu wa hisa: UZA ZOTE. Haukwenda. Nikautuma tena na tena, ukapita tulipokaribia ng'ambo.

Mwaka uliofuata hisa hiyo hiyo ilivuka shilingi 30. Najua baadaye iliteremka tena, lakini bado inaniuma, kwa sababu mchana ule watu wa Kisumu walikuwa wananunua vocha na kutumiana M-Pesa kama jana yake. Kampuni ilikuwa ile ile. Sikujipa hata usiku mmoja wa kulifikiria hilo.

Dagaa wa Igombe:
Pole sana mwalimu. Yangu ni ya Juni 2016, Waingereza walipopiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Mdogo wangu yuko Leicester, kila akija ananiachia paundi za ujenzi wa Buswelu. Nilikuwa naziweka kwenye bahasha ya kaki, chini ya gunia la mchele. Kura ilipigwa tarehe 23, na asubuhi ya tarehe 24 paundi ikaanguka mbele ya dola hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1985.

Nikaenda duka la kubadilishia fedha pale mjini. Nimefika, binti anafuta bei ya jana kwenye ubao kwa kitambaa, anaandika mpya. Nikarudisha bahasha kwenye mkoba, nikasema itapanda. Nimesubiri mpaka mvua zikalainisha tofali zangu, na haikupanda.

Kwa hiyo mtu akikwambia "tulia, itarudi", muulize ni nini kitakachorudi. Hisa za makampuni makubwa ya London zilirudi ndani ya wiki moja, maana mengi yanauza nje na mapato yao ni dola. Paundi yenyewe ilibaki chini. Mimi nilishika upande wa paundi.

Kijana wa Igoma:
Nina vipande vya UTT tu, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Kelele za uchaguzi zikianza sifungui kuangalia bei. Basi.

Mama Pacha, Buhongwa:
Nawasoma wote, naona kama kuuza ni dhambi. Na mimi nilikuwa na hizo za Safaricom, na niliuza wiki ile ile ya hukumu. Kijana wangu alikuwa anaingia chuo Oktoba, mkopo amekosa. Kenya walipangiwa kurudia kura Oktoba hiyo hiyo, ada ingeningoja mpaka wamalize? Nilijua kabisa bei ni mbaya. Kosa langu lilitangulia mbali, siku nilipoamua hela ya ada ikae kwenye hisa. Septemba nilikuwa nalipia tu.

Mwalimu wa Nyakato:
Mama, hapo nimekuelewa. Mimi sikuwa na ada wala mgonjwa. Hela yenyewe ilikaa benki hadi Krismasi bila kazi. Uliuza zote?

Mama Pacha, Buhongwa:
Nusu, mwalimu. Nilipiga hesabu ya ada kwenye karatasi, nikamwambia dalali auze zinazotosha hiyo hesabu, asiguse nyingine. Zilizobaki ninazo mpaka leo. Gawio la mwisho, yaani sehemu yangu ya faida ya kampuni, limeezeka banda la kuku.