Naomba ushauri: vijana wa ufuo wanataka kuzuia watalii ziwani

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwendesha boti hapa Kisumu, napeleka wageni kuona viboko na ndege kwenye mafunjo. Tuna mgogoro na ofisi moja kuhusu gati letu, barua hazijibiwi. Kwenye kikao cha juzi kijana mmoja akasimama akasema tukipata wazungu tuzime injini katikati ya ziwa, tusirudi mpaka wakubwa waje. Wengine wakapiga makofi!

Wanatoa mfano wa Yemen. Ni kweli, miaka ya 1990 makabila kule yaliteka watalii ili serikali ijenge barabara au iachilie ndugu zao waliofungwa, na mateka wengi walikirimiwa na kurudi salama. Lakini Desemba 1998 kundi la wapiganaji wa itikadi kali liliteka watalii 16 huko Abyan, jeshi likaingia kuwaokoa, wanne wakafa. Na utekaji wa Lamu mwaka 2011 uliwafukuza wageni. Manahodha wa pale ndio walioumia.

Huyo kijana ni mtoto wa shangazi yangu. Nikienda kwa chifu, nahofia atakamatwa kwa maneno tu. Nikinyamaza, mama wa watu anaweza kuruka majini kwa woga. Nianze na wazee?

Pia, Katiba kifungu cha 37 inaturuhusu kuandamana kwa amani na kuwasilisha malalamiko. Nani amewahi kupeleka ombi bunge la kaunti? Liliandikwaje, na lilijibiwa? Kikao kingine ni Jumamosi.