Naomba ushauri: nyuzi za seva zinavaa utambulisho wa mteja asiye wao

Wakuu, habari zenu. Kuna seva ya faili kwenye Linux, imeandikwa kwa C, inaanza kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote). Mteja akishathibitishwa, uzi (thread) unaomhudumia unavaa utambulisho wake: setgroups kwanza (makundi ya ziada), kisha setegid (kundi kuu), mwisho seteuid (mtumiaji). Ukitanguliza seteuid umeshapoteza uwezo wa kubadili makundi, na mteja anabaki na makundi ya root.

Tatizo liko kwenye nyuzi. Keneli, kiini cha Linux, inatunza utambulisho wa kila uzi peke yake, lakini glibc (maktaba ya C), kwa kufuata kiwango cha POSIX, inasambaza badiliko kwa nyuzi zote za mchakato. Uzi wa kwanza unavaa UID (namba ya mtumiaji) 1001. Kabla haujafika kwenye open, wa pili unavaa 1002. Ule wa kwanza unafungua faili kama 1002. Mteja anasoma mafaili ya mwenzake na logi haionyeshi kosa lolote!

Naona njia mbili ndani ya nyuzi. Moja ni kuipita glibc na kuiita keneli moja kwa moja kwa syscall(SYS_setresuid), na setgroups vivyo hivyo. Nyingine ni setfsuid, inayogusa ruhusa za faili tu, ila hairudishi kosa. Lazima uiite tena kwa -1 ulinganishe. Zote zinaacha njia ya kurudi root iwapo uzi utatekwa.

Fork (kuzaa mchakato mpya) kwa kila mteja, na setresuid ikibadili UID zote tatu (halisi, inayotumika na iliyohifadhiwa), inafunga njia hiyo. Lakini wateja 400 ni michakato 400. Mngechagua ipi, na uzi ukishindwa kurudi root mnauua mchakato mzima?