Mzee kuonana na daktari kwa video: kuna faida gani, na ajiandae vipi?

Mlezi:
Habari za humu wakuu. Mama ana miaka 78, ana presha na kisukari, anatembelea mkongojo, na sikio moja halisikii vizuri. Daktari anashauri kliniki moja aende mwenyewe, inayofuata iwe kwa video. Kuna faida ya kweli? Tuandae nini?

Nesi wa Presha:
Ipo, na kubwa kuliko kuokoa safari ni kwamba daktari anapata presha ya nyumbani. Ya kliniki mara nyingi hupandishwa na wasiwasi na uchovu wa njiani. Mzee akiongezewa dawa kwa kipimo hicho, anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka.

Ila vipimo viwe vya kuaminika. Tumieni mashine ya kufunga juu ya kiwiko, ile ya kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Mkanda uenee mkono wake, maana ukiwa mdogo unasoma juu. Kwa nusu saa kabla ya kupima asinywe kahawa wala kuvuta sigara, na aende haja ndogo kwanza. Akae dakika 5 ameegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, kimya. Pimeni mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7 mfululizo. Siku ya kwanza msiihesabu, nyingine tafuteni wastani. Kwa nyumbani, 135/85 kwenda juu huhesabiwa presha ya juu, lakini lengo la mama yako mwulizeni daktari wake.

Na hiki wengi hukisahau: apimwe amelala dakika 5, kisha dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama, mtu akiwa pembeni yake. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mwambieni daktari hata kama hasikii kizunguzungu.

Mfamasia:
Wekeni mezani dawa ZOTE kabla simu haijaanza: za hospitali, za kununua dukani, za mitishamba, hata za macho. Dawa za maumivu kama ibuprofen hupandisha presha na kuumiza figo, na wazee wengi hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa. Mkienda kliniki, dawa hizo huwa zimebaki nyumbani. Kwa video daktari anasoma lebo mwenyewe na kuona vidonge vilivyobaki. Vikiwa vingi kuliko inavyotakiwa, dozi zinarukwa.

Fundi wa Mitandao:
Kuhusu sikio: spika za masikioni zinazofunika masikio yote mawili, na mwanga utoke mbele ya mama, usitoke dirisha la nyuma. Mwombeni daktari naye uso wake uonekane vizuri, maana asiyesikia vizuri husoma midomo. Jaribuni programu siku moja kabla. Sauti ikigoma, mara nyingi ni ruhusa ya maikrofoni haijakubaliwa, au simu imeunganishwa na kifaa kingine cha Bluetooth. Mwangwi ukitokea, kuna simu mbili kwenye mazungumzo ndani ya chumba kimoja, zimeni moja.

Nesi wa Presha:
Naongeza mipaka yake. Kidonda cha mguu kinaonekana kwa video, lakini ganzi na mapigo ya damu ya nyayo vinataka mkono wa mtu, kwa hiyo kliniki ya ana kwa ana isifutwe. Mdomo kwenda upande, mkono kuishiwa nguvu ghafla, ulimi kuwa mzito au kifua kubana: msisubiri miadi ya video, piteni moja kwa moja dharura.

Mlezi:
Asanteni sana. Mikono miwili ikisoma tofauti, tuandike upi?

Nesi wa Presha:
Unaosoma juu, na mwendelee na huohuo siku zote. Tofauti ikizidi 10 kila mara, mwambieni daktari.