Maajenti wa Australia, acheni kuwauzia watoto wa watu kozi za kujazia wiki 92!

Wakuu, leo sitapunguza maneno. Matangazo ni yale yale kwenye magrupu ya WhatsApp: cheti cha upishi mwaka mmoja, juu yake diploma ya Leadership and Management mwaka mwingine, "kisha unachukua 485 unabaki kufanya kazi" (485 ni viza ya muda ya kubaki Australia kufanya kazi baada ya masomo). Ni uongo, na anayeuza anajua, maana kifungu chenyewe ni kifupi na kiko wazi.

Tuanze na hesabu, ndipo watu wanapopigwa. Viza 485 kwa waliosoma ufundi (mkondo wake ulikuwa Graduate Work, tangu tarehe 1 Julai 2024 unaitwa Post-Vocational Education Work) inataka angalau wiki 92 za kozi zilizosajiliwa CRICOS (daftari la serikali la kozi za wanafunzi wa kigeni), uzisome ukiwa Australia kwa muda usiopungua miezi 16. Cheti wiki 52, diploma wiki 52, jumla 104. Ajenti anakuonyesha hiyo 104, unafurahi, unalipa. Asichokwambia ni kwamba KILA cheti au diploma unayoitumia kufikisha zile 92 lazima ihusiane kwa karibu na kazi uliyoitaja kwenye fomu. Siyo mojawapo. Kila moja. Afisa anafungua matokeo ya diploma, somo kwa somo: kuongoza timu, kusimamia bajeti, mawasiliano kazini. Kisu hakuna, jiko hakuna, usafi wa chakula hakuna. Anaitoa kwenye hesabu, unabaki na wiki 52. Viza imekataliwa.

Na msijitetee kwamba uongozi unamsaidia mpishi. Unamsaidia mpishi, dereva na mwenye duka la dawa, na kwa sababu hiyo hiyo haumhusu yeyote kwa karibu.

Halafu hili la upishi lenyewe. Kwa Kiswahili wote ni wapishi tu. Kwa Waaustralia, Chef ni kazi namba 351311 na Cook ni namba 351411, kazi mbili tofauti. Chef yumo kwenye orodha ya kazi za ujuzi, MLTSSL, inayotumika kwa mkondo huu, Cook hayumo. Certificate III inakufikisha kwa Cook. TRA, wanaopima ujuzi wa mafundi, kwa Chef wanataka Certificate IV. Kwa hiyo hata bila ile diploma ya kubandika, aliyeishia Certificate III alikuwa ameshakwama siku aliyolipa ada. Mnawezaje kulala?

Mpango wa kweli unafuata fani moja toka mwanzo. Fundi magari (Motor Mechanic General, 321211) anasoma Certificate III ya Light Vehicle, kisha Certificate IV ya kutafuta hitilafu za gari, kisha Diploma of Automotive Technology. Kila karatasi ina injini ndani yake. Ila angalieni msamaha wa masomo: chuo kikikusamehe masomo uliyokwisha kufanya, wiki zilizosamehewa hazihesabiwi. Mtu anaamini ana 104 kumbe ana 80 na kitu.

TRA nao wanataka saa 360 za kazi au mafunzo kazini, hapo hapo Australia, za fani hiyo hiyo. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 48 kwa wiki mbili muhula ukiendelea, yaani saa 360 ni wiki 15 za kazi kamili ya kiwango hicho. Wanaolipwa mkononi bila hati ya mshahara watazithibitisha na nini?

Na umri! Mwisho ni miaka 35 siku ya kuomba. Kumuuzia mtu wa miaka 34 kifurushi cha miaka miwili kwa ahadi ya 485 ni wizi wa mchana.

Wenye digrii hili la kulinganisha kazi haliwahusu, mkondo wao ni mwingine.

Mchangiaji wa 2: Mkuu umesema kweli tupu. Niongeze: miezi 6 ya kuomba inaanza siku chuo kinapothibitisha umemaliza, siyo siku ya joho. Na siku unayotuma lazima uwe tayari na ushahidi kwamba umeshaomba kupimwa ujuzi, umeshaomba cheti cha polisi wa shirikisho wa Australia (AFP), umeshafanya mtihani wa Kiingereza na una bima ya afya. "Nitaleta baadaye" haipo. Ukishatuma, kazi uliyotaja hubadilishi.

Mchangiaji wa 3: Wakuu, aliyekwisha kuanza cheti na diploma ya uongozi inamsubiri afanyeje?

Mwanzisha uzi: Ndugu, achukue hatua kabla diploma haijaanza, kila wiki ina thamani. Aulize chuo kama kuna Certificate IV na diploma ya fani ile ile. Ila asiache diploma na kubaki na cheti peke yake kienyeji: viza ya mwanafunzi ina sharti la 8202, ukishuka ngazi chini ya ile uliyopewa viza unahitaji viza mpya. Ushauri huo asimwombe aliyemuuzia kozi. Amtafute wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa, amwombe namba yake ya usajili (MARN), ina tarakimu 7, aihakiki kwenye daftari la OMARA, ofisi inayosajili mawakala hao, kabla hajatoa hata senti.