Zebaki machimboni: tupige marufuku au tuanze na moto?

Wadau, kuna ndugu kasema hapa kwamba dawa ya zebaki kwa wachimbaji wadogo ni moja tu: marufuku, leo hii. Napinga, na si kwamba naipenda zebaki.

Nimekaa mwaloni, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa, Geita. Mama anachanganya mchanga wa karasha (mashine ya kusaga mawe) na zebaki ndani ya karai, mikono mitupu, kisha anakamua kwa kitambaa mpaka kinabaki kidonge cha kijivu, dhahabu iliyoshikana na zebaki. Kidonge kinapanda jiko la mkaa palepale, mtoto mgongoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Vumbi la karasha watu wanaliziba pua. Mvuke huu wanauinamia, waone dhahabu ikigeuka njano. Miaka ikipita mikono inatetemeka, figo zinachoka, na mtaani wanasema karogwa.

Kinga ipo: ritoti, chombo cha chuma kinachofungwa na kuurudisha mvuke kuwa zebaki ya kutumia tena. Haipendwi kwa sababu hiyohiyo ya kufungwa. Machimboni usichokiona kimeshaibiwa (msiwacheke, wamelizwa sana). Basi tupime: kidonge kabla ya moto, halafu dhahabu pamoja na zebaki iliyorudi. Uzito ukipungua sana, mwenye mali ana haki ya kuuliza.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2020. Hata mkataba huo haukumfutia mchimbaji mdogo zebaki kwa siku moja; unataka ipunguzwe, na uchomaji wa wazi ndio ukomeshwe. Mnaosema "waende kwenye sayanidi", kemikali hiyo ya kuyeyushia dhahabu inataka matangi, tani nyingi za marudio (mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu ya kwanza) na siku za kusubiri. Mwenye ndoo mbili za mawe anataka hela ya unga jioni hii. Mkimpiga marufuku, zebaki itauzwa uvunguni na kidonge kitachomwa jikoni kwake, watoto wamelala.

Ugomvi wangu uko kwa anayelipa. Kibarua wa mwaloni hana mkataba, kwa hiyo mfuko wa fidia haumjui. Akianza kutetemeka anarudishwa kwao. Nani anunue ritoti: serikali, mnunuzi wa dhahabu, au mwenye mwalo? Mimi nasema mwenye mwalo. Mara nyingi marudio yanabaki kwake, anayapeleka kwenye sayanidi na kutoa dhahabu ya pili ambayo yule mama haioni hata kwa macho. Anayebisha aje na hesabu.